Kabla ya kununua mti wa maua, utazame mwaka mzima

Kila ifikapo Oktoba mji wa Arusha hubadilika rangi. Mijakaranda iliyopandwa kando ya barabara na katika viwanja vya nyumba za zamani huchanua maua ya zambarau juu ya matawi yasiyo na majani, na baada ya wiki chache njia nazo huwa za zambarau kwa maua yaliyoanguka. Huo ndio wakati ambapo wenye vitalu vya kando ya barabara hupata wateja wa aina moja. Mtu anasimamisha gari au anashuka kwenye pikipiki, ananyoosha kidole kwenye mti uliochanua ng'ambo ya pili, na kusema anataka mche "kama ule".

Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni biashara rahisi. Mteja amekwisha kujishawishi mwenyewe, kilichobaki ni bei. Lakini anachokitazama ni wiki chache tu za maisha ya mti ule. Mjakaranda uliooteshwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka 7 na hata zaidi ya 10 kabla ya kutoa maua ya kwanza, na ukishaanza utachanua kwa mwezi mmoja na ushee kila mwaka. Miezi mingine yote mwenye nyumba ataishi na majani yake, kivuli chake, maganda yake na mizizi yake. Asiyeambiwa hayo mapema hurudi kitaluni baada ya miaka miwili akilalamika kwamba aliuziwa mti dume.

Malalamiko hayo hugharimu pande zote mbili. Mnunuzi hukata mti ambao amekwisha kuumwagilia kwa viangazi viwili, na muuzaji hupoteza mteja ambaye angerudi kununua miti ya kivuli, ya matunda au ya uzio. Kwa hiyo kuufahamu mti katika misimu yake yote si anasa ya wenye bustani kubwa. Ni sehemu ya biashara, kama vile muuza mbuzi anavyopaswa kujua umri wa mbuzi wake.

Mjakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Argentina na Bolivia. Umepandwa sana katika miji ya nyanda za juu barani Afrika, kuanzia Nairobi na Arusha hadi Harare na Pretoria. Unapenda mahali penye kipindi cha ubaridi na ukavu kabla ya maua. Pwani nako huota, lakini mtu wa Dar es Salaam au Tanga anayetarajia zambarau ya Arusha mara nyingi huishia kupata majani mengi na maua machache.

Mwaka wa mti huu nyumbani huenda hivi. Mvua za vuli zikishika, maua huanguka na majani mapya hutoka, laini na yenye vijani vidogo vidogo mithili ya unyoya. Januari na Februari, jua linapokuwa kali, mti huwa na kivuli chepesi kinachopitisha mwanga, kizuri kwa kukaa lakini si kizito kama cha mwembe. Masika hupita ukiwa wa kijani. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, majani huanza kugeuka manjano, na kuelekea Septemba huwa yamepukutika karibu yote. Agosti mti huu ni fimbo na maganda makavu. Anayetaka kujua kama ataupenda mjakaranda aende kuutazama Agosti.

Shida kubwa ya kipindi hicho si sura. Ni paa. Vijani vya mjakaranda ni vidogo kiasi cha kupita kwenye wavu wa kawaida, na familia inayovuna maji ya mvua huvikuta vimejaa kwenye mifereji ya bati na kuozea ndani ya tangi. Maji hubadilika rangi na kutoa harufu. Wenye matangi ama waupande mti mbali na paa, ama wawe na desturi ya kupanda ngazi na kusafisha mifereji kabla mvua ya kwanza ya vuli haijanyesha, kisha wayaache maji ya mvua hiyo ya kwanza yamwagike chini. Kazi hiyo ni ya kila mwaka, na mti ukishazidi urefu wa nyumba haikwepeki.

Maua yenyewe yana adha yake ndogo. Yakianguka kwenye sakafu ya saruji au vigae na kulowa, huteleza sana, na nyuki huendelea kuyafuata hata yakiwa chini, hivyo watoto wanaotembea peku huumwa. Kwa mfugaji wa nyuki, hata hivyo, hilo ni neema, kwa kuwa mti unampa malisho mwishoni mwa ukame, wakati mashamba mengi hayana ua.

Mizizi hupita karibu na uso wa ardhi. Mchicha na majani ya bustani havistawi vizuri chini yake, na ukuta mwepesi au bomba la maji taka lililo karibu linaweza kusukumwa au kupasuliwa. Umbali wa mita 8 hivi kutoka kwenye nyumba, karo na ukuta ni wa busara. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba katikati hakina nafasi ya namna hiyo, na muuzaji mwaminifu humwambia mteja hivyo hata kama fedha iko mezani.

Wapo wanaojaribu kuudhibiti kwa kuukata kichwa. Matokeo yake ni machipukizi mengi yanayopanda wima kama fagio, na umbo la mwavuli lililokuwa sababu ya kuupanda halirudi tena. Zaidi ya hayo, maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo anayekata Agosti amekata Oktoba yake. Ni afadhali kuondoa tawi zima kuanzia kwenye shina, baada ya maua, au kuuacha. Mti ukifikia mwisho wake, mbao zake hazipotei. Nchini Kenya wachonga vinyago wamekuwa wakitumia mjakaranda, pamoja na mwarobaini na mwembe, badala ya miti ya asili iliyokuwa ikiadimika misituni.

Pwani mti unaoshika nafasi hiyo ni mkrismasi, ambao umepewa jina kwa sababu maua yake mekundu hufika kileleni karibu na sikukuu. Asili yake ni kisiwa cha Madagascar. Mwenendo wake wa misimu una faida ambayo wengi hawaihesabu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la pwani linapokuwa kali kuliko wakati wowote, mkrismasi huwa na majani na matawi yaliyotanda kwa upana kuliko urefu. Katika miezi ya ukavu ya kipupwe hupukutika na kuruhusu jua kufika kwenye baraza. Ukipandwa upande wa magharibi wa nyumba, huzuia jua la alasiri katika miezi ile ile ambayo watu hushindwa kukaa ndani.

Lakini nafasi unayoitaka ni kubwa kuliko ya mjakaranda. Mita 10 kutoka kwenye msingi si nyingi, kwa kuwa mizizi yake hupanda juu ya ardhi na hufumua vigae, na matawi yake ni mepesi kuvunjika kwenye upepo. Haufai kuegeshea gari chini yake, wala kupandwa chini ya nyaya za umeme. Maganda yake marefu, meusi na magumu, huning'inia miezi mingi baada ya maua kusahaulika. Wengine huyaona kama uchafu. Watoto huyatikisa kama kayamba.

Jirani yake wa pwani, mkungu, hauna maua ya kujivunia kabisa, na pengine ndio mti wenye misimu iliyo wazi zaidi kuliko yote. Majani yake mapana hugeuka mekundu na rangi ya machungwa kabla ya kuanguka, na katika maeneo mengi jambo hilo hutokea mara mbili kwa mwaka. Kwa siku chache mti huonekana kama umewashwa moto, kisha hubaki mtupu, kisha ndani ya muda mfupi umejaa kijani kibichi tena. Anayeupanda anunue na ufagio. Majani ni mengi na ni makubwa, lakini yakirundikwa pembeni na kuchanganywa na samadi hutoa mboji nzuri, na kungu zake watoto huzigonga kwa jiwe na kula kiini.

Kwa mwenye kitalu, ugumu ni kwamba msimu wa kuuza, msimu wa kuotesha na msimu wa kupanda si mmoja. Mteja hutamani mti unapochanua. Mche hupandwa vizuri mvua ndefu zinapoanza. Na mbegu inapaswa kuwa ardhini miezi mingi kabla ya yote mawili.

Mche wa mjakaranda unahitaji takribani miezi 6 hadi 8 kitaluni ili ufikie urefu wa kuuzika. Anayetaka kuwa na miche Oktoba na Novemba inampasa asie mbegu Februari au Machi. Anayesubiri aone wateja ndipo asie, miche yake itakuwa tayari katikati ya mwaka ujao, wakati zambarau imekwisha kusahaulika na ukame unaingia. Hapo ndipo wengi wanaoanza kazi hii huangukia. Hubaki na viriba mamia kadhaa vinavyotaka maji kila siku kwa miezi mitatu, na gharama ya maji peke yake hula faida yote.

Mbegu za mjakaranda hazina usumbufu. Maganda yake bapa yenye umbo la duara hubaki mtini muda mrefu, na yanapogeuka kahawia huchumwa kabla hayajapasuka, yakaanikwa juu ya gunia mpaka yafunguke yenyewe. Mbegu zina ubawa mwembamba na hupeperuka, hivyo zianikwe mahali pasipo na upepo. Huloweshwa kwenye maji baridi usiku mmoja na kusiwa juu juu kwa kufunikwa na udongo mwembamba. Huota ndani ya wiki mbili au tatu.

Za mkrismasi ni ngumu kama kokoto na zikipandwa hivi hivi zinaweza kukaa ardhini miezi bila kuota, zikaota moja leo na nyingine baada ya mvua tatu. Maji huchemshwa, yakaepuliwa, mbegu zikatumbukizwa na kuachwa humo mpaka asubuhi. Zilizovimba hupandwa, ambazo hazikuvimba hurudiwa. Njia nyingine ni kukwangua au kukata kidogo ganda la mbegu kwa kikata kucha, upande usio na jicho, kisha kuilowesha kwenye maji ya kawaida. Ni kazi ya mbegu moja moja, lakini kwa miche 200 ni ya jioni mbili, na miche huchipua kwa pamoja kiasi kwamba yote huuzika kwa kimo kimoja.

Mwashoki, ule mrefu mwembamba unaopangwa kama askari kuzunguka kuta za nyumba na ofisi, uko kinyume. Mbegu yake haistahimili kukaa. Ikikauka imekufa, kwa hiyo husiwa ndani ya siku chache baada ya tunda kuiva. Popo hupenda matunda hayo na huangusha mbegu zilizokwisha menywa chini ya miti wanamolala, na waotesha miche huamka mapema kuziokota. Mti huu haubadiliki sana kwa misimu, isipokuwa majani machanga yanapotoka yakiwa na rangi ya shaba inayong'aa. Ndiyo sababu huuzika mwaka mzima, na kitalu kidogo kinachotegemea fedha ya kila wiki hakiwezi kuudharau.

Njia nyingine ya kujaza pengo ni mimea ya vipandikizi, ambayo huchanua mapema na hivyo kumtuliza mteja asiye na subira. Franjipani hukatwa tawi la urefu wa mkono, likaachwa kivulini wiki moja hivi mpaka utomvu wake mweupe ukauke, ndipo likapandwa kwenye udongo wenye mchanga. Likipandwa bichi huoza. Utomvu huo huwasha ngozi na macho, kwa hiyo mikono ioshwe. Katika kipupwe franjipani hubaki na vidole vitupu visivyo na jani, na wapo walioung'oa wakidhani umekufa. Bogonvilia, ambayo si mti bali mmea unaotambaa na unaweza kufunzwa kuwa kama mti, hung'aa zaidi wakati wa ukavu. Ile rangi yake si ya ua bali ya majani yanayolizunguka ua dogo jeupe. Wanaoimwagilia kila siku huvuna majani ya kijani na kushangaa rangi imekwenda wapi.

Muuzaji mwenye simu yenye kamera ana nyenzo ambayo wazee wake katika kazi hii hawakuwa nayo. Anaweza kuupiga picha mti ule ule wa jirani Oktoba ukiwa zambarau, Januari ukiwa kijani na Agosti ukiwa mtupu, akamwonyesha mteja zote tatu. Anayekubali baada ya kuona ya Agosti hatarudi kulalamika. Simu hiyo hiyo humwezesha kuchukua oda na malipo ya awali wakati wa maua, kisha kupeleka mche masika yanapoanza, badala ya kumwachia mteja aupande mwishoni mwa vuli na kuupoteza kwenye jua la Februari.

Kwa upande wake mnunuzi anapaswa kukinyanyua kiriba kabla ya kulipa. Kikigoma kutoka ardhini, mizizi imekwisha kutoboa na kuingia chini, na ikikatwa ghafla mche utanyauka. Mche mrefu sana kwenye kiriba kidogo nao ni wa kutiliwa shaka, kwa kuwa mizizi yake imejizungusha ndani na hata ukipandwa itaendelea kujizungusha. Mche mfupi, mnene shinani, uliozoeshwa jua na si uliofichwa kivulini muda wote, ndio wenye thamani ya fedha yake.

Ipo pia miti ambayo haifai kuuzwa hata kama inaulizwa. Mmoja ni Senna spectabilis, wenye vishada vya maua ya manjano na unaofanana na mjohoro kiasi kwamba wengi huichanganya. Ulipandwa kwa ajili ya urembo na kuni, sasa umevamia misitu, ikiwamo ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale mkoani Kigoma. Mwingine wa kufikiriwa mara mbili ni kibobakasi, wenye maua ya rangi ya moto yenye umbo la kikombe. Asili yake ni Afrika ya kitropiki, lakini ulikopelekwa ng'ambo umeenea kiasi cha kuwekwa na IUCN kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na nchini Brazil nyuki wasiouma wamekutwa wamekufa ndani ya maua yake. Mwenye mizinga ya nyuki wadogo asiupande karibu. Na kile kichaka cha uzio chenye majani membamba na maua ya manjano kama tarumbeta, maarufu sana mitaani, kina sumu katika sehemu zake zote, mbegu zikiwa mbaya zaidi. Nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi ikae bila hicho.

Mwenye shamba, tofauti na mwenye kiwanja cha mjini, ana miti ya kwao isiyohitaji kuulizwa ilitoka wapi. Mwambangoma huchanua mekundu makali ukiwa hauna majani, katikati ya ukavu, na ndege aina ya chozi hujaa juu yake asubuhi. Hustahimili ukame na huota hata kwa fito iliyochomekwa ardhini. Mringaringa, unaofahamika kwa kivuli cha kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hufunikwa na maua meupe yanayopendwa na nyuki, na baada ya miaka hutoa mbao za samani zenye bei. Ajabu ni kwamba miti hii miwili ni migumu kuipata kwenye vitalu vya kando ya barabara, ambako kila meza ina mwashoki. Anayeianza kuotesha leo hana washindani wengi. Mbegu za miti mingi ya asili zinaweza kuulizwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ambao ndio unaosimamia pia kazi ya mbegu za miti.

Shimo la kupandia liwe na upana na kina cha sentimita 60, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, na ule wa juu ukichanganywa na debe la samadi iliyooza vizuri. Kiriba kichanwe na kuondolewa chote, si kutobolewa tu. Mahali penye mchwa wengi samadi mbichi na majani makavu visiwekwe shimoni, kwa kuwa ndivyo vinavyowaita. Mche uliopandwa masika utahitaji ndoo moja ya maji mara mbili kwa wiki katika kiangazi chake cha kwanza, na uzio wa miiba tangu siku ya kwanza kama kuna mbuzi wanaofunguliwa asubuhi.